Kuomba Nafasi ya Kusomea Sheria Ukiwa Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa nikiwasaidia vijana wa Amu, Shela, Mokowe, Witu na kisiwa cha Pate kujaza maombi yao. Mengi yaliulizwa barazani, watu watatu wakizungushiana simu moja. Nimeanza na mambo ya msingi, hali zisizo za kawaida ziko mwishoni. Mwenye haraka asome angalau swali la majina, maana ndilo lililowaangusha wengi wetu kuliko gredi.

## Mambo ya msingi

Inachukua muda gani hadi mtu aitwe wakili?

Shahada ya sheria, yaani LLB, ni miaka minne. Baada yake unaingia Kenya School of Law iliyoko Karen, Nairobi, ambayo kila mtu huiita KSL. Huko kuna masomo ya uwakili, mtihani unaosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria (CLE), na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Ukimaliza hayo ndipo unapomwomba Jaji Mkuu akuapishe na jina lako liingie kwenye orodha ya mawakili.

Weka hesabu ya miaka sita, hata saba, kwa sababu kati ya hatua moja na nyingine kuna kungoja. Jua pia kwamba utaomba mara mbili: kwanza chuo kikuu, kisha KSL. Ukurasa huu unahusu zaidi ombi la kwanza. La pili liko kwenye swali la mwisho, na nakusihi ulisome sasa hivi, usingoje mwaka wa nne.

Nahitaji gredi gani ya KCSE?

Gredi ya jumla ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, isiwe chini ya C+, na uwe na B kamili ya Kiingereza au ya Kiswahili. Masharti yote mawili lazima yatimie. Mwenye A- ya jumla lakini B- katika lugha zote mbili anakwama hapo hapo, na inauma sana kumwambia mtoto hivyo.

C+ inakufungulia mlango wa kuomba tu. Ushindani wa sheria ni mkali, na wanaopata nafasi kupitia serikali huwa na alama za juu zaidi ya hizo.

Nina B- ya Kiingereza lakini B+ ya Kiswahili. Basi nimekwisha?

Hujakwisha, umefuzu. Kanuni inasema Kiingereza *au* Kiswahili. Nalirudia hili kila mwaka, na kila mwaka namkuta kijana wa pwani aliyejikatia tamaa mwenyewe, au aliyekatishwa tamaa na mtu mzima ambaye hakuwahi kuisoma kanuni yenyewe. Lugha uliyonyonyeshwa nayo inahesabiwa sawasawa na ile nyingine.

Lakini ujue unakokwenda. Mihadhara, mitihani na hukumu nyingi za mahakama ni kwa Kiingereza. Miezi ile ya kungoja nafasi itumie kusoma hukumu kwenye tovuti ya Kenya Law, hazilipiwi. Soma moja kwa wiki, polepole, daftari la msamiati likiwa kando. Ukifika chuoni hutashtuka.

Lazima niwe nimefanya Historia?

Hapana. Sheria iko kwenye klasta ya kwanza, yaani kundi la kozi zinazopimwa kwa masomo ya aina moja, na klasta hiyo inatazama masomo manne: lugha (Kiingereza au Kiswahili), Hisabati au somo moja la sayansi, somo moja la kundi la tatu, na jingine moja la kujazia. Kundi la tatu ndilo la Historia, Jiografia na masomo ya dini, na Elimu ya Dini ya Kiislamu imo. Huku kwetu wengi hufanya vizuri katika somo hilo bila kujua kwamba linawabeba.

Alama za klasta zinahesabiwaje?

Kila somo lina alama 12, kwa hiyo masomo manne ya klasta ni 48. Jumla ya masomo saba ya KCSE ni 84. Unachukua alama zako za klasta unazigawa kwa 48, jumla yako unaigawa kwa 84, majibu hayo mawili unayazidisha, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unazidisha kwa 48.

Tuseme una Kiswahili A- (11), Biolojia B (9), Dini A- (11) na Biashara B (9). Hizo ni 40. Jumla yako ya masomo saba ni 66. Hapo klasta yako inakaribia 38.8. Hayo ni makadirio ya kukuonyesha ulipo. Namba inayotumika ni ile utakayoiona kwenye akaunti yako ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Ilinganishe na alama ambazo kila chuo kilikomea mwaka uliopita, nazo zinaonyeshwa humo humo.

## Karatasi na majina

Niwe na karatasi gani mkononi kabla ya kuanza?

Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE au cheti chenyewe, barua ya kuacha shule, kitambulisho kama umeshakipata, na picha ndogo za pasipoti. Kwa chuo binafsi ongeza barua za watu wanaokufahamu kimasomo.

Zote zipige skani mara moja, ukurasa mzima uonekane, pembe zisikatwe, kisha uzihifadhi kama PDF. Ujipe nakala kwa barua pepe yako mwenyewe. Kijana mmoja alikuja kutoka Kizingitini na cheti chake kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mara mbili, na bado maji ya chumvi yalipenya. Wino wa muhuri ulikuwa umetawanyika kama doa la chai. Cheti kilisomeka, lakini tulihangaika naye wiki mbili kwa jambo ambalo picha moja nzuri ingelimaliza.

Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la KCSE. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Athman, kwenye KCSE ni Othman. Fatma amekuwa Fatuma. Mohamed ana m moja hapa, mbili pale. Jina la babu limo kwenye kitambulisho lakini kwenye matokeo halimo. Nyumbani hakuna anayejali, sote twajua ni mtu yule yule. Kompyuta haimjui mtu, inasoma herufi.

Kwanza ziweke karatasi zote mezani, uandike jina kama lilivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Kisha chagua jina utakalosimama nalo. Ushauri wangu ni ulifuate la cheti cha KCSE, kwa sababu ndilo litakaloingia kwenye shahada yako na baadaye kwenye orodha ya mawakili.

Tofauti ikiwa ndogo, herufi moja au mpangilio wa majina, mara nyingi hati ya kiapo inatosha. Utaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni yako. Mawakili wengi ni makamishna wa viapo, na ukiuliza masjala ya mahakama ya Lamu utaelekezwa. Kosa likiwa ni la cheti cha KCSE chenyewe, yaani shule ilikusajili vibaya, ombi la kusahihisha linakwenda KNEC, baraza la mitihani la taifa, na huko ulizia mapema kwa sababu hulipiwa na huchukua muda. Ukiwa umebadilisha jina kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Fanya haya kidato cha nne kikiwa hakijaisha. Nimemwona msichana mwenye klasta nzuri mno akipoteza muhula mzima kwa herufi moja. Chuo kilikuwa tayari kumpokea. Karatasi zake ndizo hazikukubaliana.

Shule imezuia cheti changu kwa sababu ya karo.

Wizara ya Elimu imeagiza mara nyingi kwamba vyeti visizuiliwe kwa sababu ya deni. Nenda na mzazi, zungumzeni na mwalimu mkuu kwa heshima, na mkikataliwa, nendeni ofisi ya elimu ya kaunti na barua iliyoandikwa na kuwekwa tarehe. Wakati huo huo usisimamishe ombi lako: kwa KUCCPS unaingia kwa namba yako ya mtihani, cheti hakihitajiki siku hiyo.

Sijapata kitambulisho.

Omba hata hivyo. Kwa hatua ya KUCCPS, namba ya mtihani wa KCSE, mwaka, na namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE ndizo zinazokuingiza. Kitambulisho kitakubana baadaye, kwenye mkopo na mabweni. Vijana wa visiwani, hasa Wabajuni, wanajua wenyewe jinsi wanavyoulizwa maswali ambayo mwenzao wa bara haulizwi, kwa hiyo ukitimiza miaka 18 tu, nenda. Beba vyeti vya wazazi wote wawili, na vya babu kama vipo.

## Kujaza na kutuma

Kupitia KUCCPS au moja kwa moja chuoni?

Ukitaka nafasi ya serikali katika chuo cha umma, pita KUCCPS. Chuo binafsi, au kujilipia mwenyewe, unaweza kukiomba chenyewe. Hakuna kinachokuzuia kufanya yote mawili, na mimi nashauri hivyo kwa mwenye uwezo wa kulipa ada mbili za maombi.

Kabla ya kulipa popote, fungua orodha ya CLE ya vyuo vilivyopewa leseni ya kufundisha sheria. Leseni hutolewa kwa muda na inaweza kuisha. Tangazo lenye picha ya jengo zuri halithibitishi lolote.

Mtandao unakatika kila nikijaribu. Nisafiri Malindi?

Huhitaji. Jaza saa za alfajiri baada ya swala, mtandao ukiwa mwepesi, na usingoje siku tatu za mwisho, kwani nchi nzima iko humo siku hizo. Unaweza kwenda saiba pale Langoni, au Huduma Centre. Ukilipa kwa M-Pesa, hifadhi ujumbe wa malipo, usiufute. Ukimaliza, piga picha ya ukurasa unaosema ombi limepokelewa.

Na neno moja kuhusu saiba: usimwachie mwenye duka nywila yako akakuchagulie kozi. Kaa naye, tazama kioo, soma jina la kozi kabla hajabonyeza. Bachelor of Laws ndiyo LLB. Kuna shahada nyingine zenye neno la haki au usalama ndani yake ambazo hazikufikishi KSL. Ukizichagua kwa makosa utagundua siku ya barua.

Maelezo binafsi niandike nini?

KUCCPS haiyahitaji, inatazama alama. Vyuo binafsi kadhaa huyataka, na baadhi vina mtihani wa kuingilia au mahojiano. Hapa ndipo kijana wa Lamu ana utajiri ambao hauoni.

Karibu kila rasimu ninayoletewa huanza hivi: "Tangu utotoni nimependa haki." Msomaji ameshasoma sentensi hiyo mara mia. Binti mmoja aliniletea hiyo hiyo. Nikamuuliza, hebu niambie, ni lini ulipoona karatasi ya kisheria kwa mara ya kwanza? Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza kuhusu bibi yake mwenye shamba upande wa Matondoni: karatasi iliyoandikwa kwa mkono, imekunjwa mara nne, imewekwa ndani ya Msahafu. Siku ofisa alipokuja kupima ardhi, bibi aliitoa akaishika kwa mikono miwili, na yule ofisa hakuitazama. Nikamwambia anzia hapo. Andika mikunjo yake.

Usiyaone mambo ya kwetu kuwa madogo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari ya Lamu chini ya mradi wa LAPSSET. Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wanafunzi wa sheria wanaokulia mbali wanazisoma kesi hizi vitabuni. Wewe unawajua watu waliokwenda kukaa mahakamani. Kama baba yako ni mvuvi, eleza kilichobadilika kwenye mkondo anaotegea nyavu. Lakini usijivishe kesi ambayo hukuishuhudia. Kwenye mahojiano utaulizwa swali la pili, na la tatu.

Maelezo hayo huandikwa kwa Kiingereza. Yaandike kwanza kwa Kiswahili, ili ujue unachotaka kusema, ndipo uyaandike upya kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja, usizidi sana.

Barua ya kupendekezwa niombe kwa nani?

Kwa mwalimu aliyekufundisha, hata kama hana cheo. Barua ya mheshimiwa asiyekujua haisemi kitu. Mpe mwalimu wiki tatu, na karatasi yenye matokeo yako na tarehe ya mwisho.

## Pesa

Tutalipa vipi?

Mwenye nafasi ya serikali anaomba ufadhili na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mtandaoni. Ombi hilo ni tofauti na la KUCCPS, na wengi hudhani ukipata nafasi pesa zinakuja zenyewe. Haziji. Mbali na hapo kuna basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ya Lamu Mashariki au Lamu Magharibi, na basari ya kaunti. Zote hutaka barua ya kupokelewa chuoni, basi ipate mapema na utoe nakala nyingi.

Kwenye bajeti andika na safari: mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa au Nairobi, na usiku mmoja wa kulala. Familia husahau, kisha mtoto anachelewa kuripoti.

Mkopo una riba. Sisi hatuchukui riba.

Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na ni haki ya familia kulipima jambo hilo na shekhe wanayemwamini. Sitoi fatwa. Ninachoomba ni mlizungumze kabla ya barua ya chuo kufika, ili kama mmeukataa mkopo, muwe mmeshazunguka kwenye basari, jamaa na kamati ya msikiti. Kukataa mkopo mwezi Agosti bila mpango mwingine ni kumrudisha mtoto nyumbani.

## Hali zisizo za kawaida

Nilipata C. Kuna njia?

Ipo, lakini ina miiba. Kanuni za CLE huruhusu chuo kikuu kumpokea kwenye LLB mtu mwenye shahada nyingine, au mwenye stashahada ya sheria aliyofaulu vizuri baada ya miaka miwili. Tatizo ni kwamba kupokelewa chuoni hakumaanishi utapokelewa KSL. Sheria ya KSL ya 2012 ina masharti yake, na suala la waliopanda ngazi kwa ngazi limebishaniwa mahakamani kwa miaka. Kabla ya kulipa hata muhula mmoja, iandikie KSL, eleza vyeti vyako vyote, na ulihifadhi jibu lao la maandishi. Usitegemee neno la mtu wa usajili chuoni.

Nina ndugu Zanzibar. Naweza kusoma huko?

Unaweza, na wengi wa Lamu wamefanya hivyo. Ukirudi, shahada ya nje lazima itambuliwe na CLE, nayo itatazama kama ulisoma masomo 16 ya msingi yanayotakiwa Kenya. Likikosekana moja utarudishwa kulisoma. Chukua orodha hiyo ya masomo kabla hujajisajili, uilinganishe na ya chuo cha huko. Sharti la gredi za KCSE nalo usilisahau. Kuvuka mpaka hakulifuti.

Nataka kuwa kadhi. Nahitaji LLB?

Katiba, kifungu cha 170, inataka kadhi awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu ambayo Tume ya Huduma za Mahakama imeridhika nayo. Haitaji LLB. Lakini kadhi huamua ndoa, talaka na mirathi ndani ya mahakama za nchi, kwa hiyo mwenye elimu zote mbili husimama imara zaidi.

Nina miaka 40. Wakati umenipita?

Hakuna umri wa mwisho. Tazama swali la gredi na la majina hapo juu. Kwa watu wa rika lako ni majina ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu vyeti vya zamani viliandikwa na makarani wengi.

Nimepangiwa kozi nyingine badala ya sheria.

KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho kwa muda mfupi. Utahitaji kuwa na alama zilizofikia za kozi unayoitaka kwenye chuo unachokitaka, mwaka huo huo. Kama huna, usipoteze nauli.

Ombi la KSL linahitaji nini, na nianze lini kujiandaa?

Anza mwaka wa kwanza. KSL itatazama tena KCSE yako, gredi ile ile ya lugha, majina yale yale, kisha shahada na nakala rasmi ya alama za kila mwaka. Weka faili moja gumu, lisiloingia maji, na kila mwisho wa mwaka weka ndani yake matokeo yako kutoka ofisi ya chuo, ukihakiki jina kabla hujaondoka dirishani. HELB hutoa mkopo kwa wanafunzi wa KSL pia, kwa ombi jipya. Mtihani wenyewe una masomo tisa. Na wakili wa kukuchukua kwa ile miezi sita mtafute mapema. Likizo za chuo, ukiwa nyumbani, nenda ukakae nyuma kwenye mahakama ya Lamu au ya Malindi siku za kesi, uwasikilize mawakili, na wakitoka uwasalimie.